Mwanga Mwingi Usiosaidia Kuona

Muulize dereva yeyote anayepita usiku kati ya Chalinze na Segera kwa nini ameng'oa balbu za halojeni na kufunga za LED. Jibu ni lile lile: anataka kuona. Taa zilizokuja na gari zilikuwa za njano na zimechoka, hizi ni nyeupe pee na barabara yote inang'aa. Fundi umeme aliyemfungia atakwambia hivyo hivyo, muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, naye hivyo hivyo, na ukivuka mpaka ukafika Kirinyaga Road, Nairobi, maneno hayabadiliki. Hata kijana wa bodaboda siku hizi anachagua balbu kwa kuitazama dukani: inayoumiza macho zaidi ndiyo nzuri.

Naipinga imani hiyo kwa nguvu zote. Balbu nyingi za LED zinazouzwa kwetu, zikiingizwa kwenye taa iliyobuniwa kwa halojeni, zinamfupishia dereva umbali anaoona na kumpofusha anayekuja mbele yake. Dereva huyo hasemi uongo anapodai anaona vizuri. Ndivyo anavyohisi kweli, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu anakanyaga mafuta kwa kuamini hisia hiyo.

Tuanze na kitu chenyewe. Chukua balbu ya H4, ile ya miguu mitatu, iliyomo kwenye magari mengi madogo ya Kijapani yaliyojaa barabarani kwetu. Ishike kwenye mwanga uitazame kwa karibu. Ndani ya kioo kuna filamenti mbili, moja ya ful, mwanga wa mbali, na nyingine ya dim, mwanga wa chini, kila moja ina urefu wa milimita 5 hivi. Chini ya filamenti ya dim utaona kikombe kidogo cha chuma, na ukingo mmoja wa kikombe hicho umekatwa kwa mshazari. Kikombe hicho ndicho akili yote ya taa. Kinazuia mwanga usifike nusu ya chini ya rifrekta, ile sahani ya fedha iliyo nyuma ya balbu, kwa sababu nusu hiyo ingeurusha mwanga juu, machoni pa watu. Mwanga unaobaki unagonga nusu ya juu na kurudishwa chini barabarani. Ule ukingo wa mshazari ndio unaofanya mwanga upande juu kidogo kushoto, ili uone mtu anayetembea kando ya lami, huku upande wa kulia, anakotokea mwenzako, ukibaki chini.

Rifrekta nayo haikukunjwa ovyo. Mhandisi aliyeichora alijua filamenti itakaa wapi, ina urefu gani na inatoa mwanga kuzunguka pande zote. Akaipanga sahani yake kwa hesabu ya chanzo hicho. Filamenti ikisogea milimita moja tu kutoka mahali pake, mchoro wa mwanga barabarani unaharibika. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za balbu za filamenti zinataja mahali pa filamenti kwa sehemu za milimita.

Sasa toa balbu hiyo, weka ya LED ya bei ya kawaida. Badala ya filamenti una ubao wa chuma wenye chipu bapa upande huu na upande huu. Chipu zinatoa mwanga kwa mbele yake tu, kwa hiyo kila upande unamulika eneo lake na katikati, kwenye unene wa ubao, panabaki giza. Ubao ukiwa mnene, zile chipu za kulia na kushoto zinakaa mbali na mahali filamenti ilipokuwa. Zikiwa ndefu kuliko filamenti, mwanga unatoka sehemu ambazo rifrekta haikuzitarajia. Kikombe cha chuma kama kipo kimewekwa kwa kukisia, na kwenye balbu nyingi za bei ya chini hakifuati umbo wala mahali pa kile cha asili. Matokeo yake ni mwanga unaomwagika kila mahali: juu kwenye matawi ya miti, pembeni kwenye ukuta wa nyumba za watu, na hapo mbele kabisa ya bampa.

Huo wa mbele ya bampa ndio unaomdanganya mwenye gari. Lami ya mita 10 au 20 mbele yake inang'aa kama uwanja wa mpira usiku wa mechi, akaona amepata taa. Lakini mita 20 si mahali pa kutazama ukiwa kwenye mwendo. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakata mita 22 kila sekunde. Kitu ulichokiona kikiwa mita 20 mbele, ng'ombe, jiwe, mtoto, umekifikia kabla mguu haujagusa breki. Taa ya dim iliyopangwa vizuri inafikisha mwanga mita 60 na zaidi, na huko mbali ndiko unakopata muda wa kuamua. Kwa bahati mbaya jicho linajirekebisha kwa kile kinachong'aa zaidi mbele yake. Ukilipatia uwanja mweupe wa karibu, mboni inabana, na kiza cha mbali kinakuwa kiza zaidi. Kwa hiyo dereva amelipa pesa yake akapata mwanga mwingi pale ambapo haumsaidii, na kupunguziwa pale alipokuwa anauhitaji.

Hapo bado sijagusa maandishi ya kwenye boksi. Boksi linasema lumeni 20,000, mengine yanasema zaidi. Balbu ya H4 ya halojeni inatoa lumeni 1,000 hivi kwenye dim na 1,650 kwenye ful, kwa hiyo msomaji wa boksi anaamini amepata mara 20. Piga hesabu kidogo. LED nzuri inatoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Ili ufikishe 20,000 unahitaji wati 130 hadi 200, na kwa umeme wa volti 12 hiyo ni ampea 11 hadi 17. Mwambie fundi aweke mita kwenye waya wa taa. Balbu nyingi za namna hiyo zinavuta ampea 2 au 3. Lumeni zilizobaki ziko kwenye boksi tu.

Hata lumeni zingekuwa za kweli, zingekuwa zinajibu swali lisilo sahihi. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye balbu, uende unakokwenda. Kinachokufikisha mbali ni ukali wa mwanga kwenye mwelekeo mmoja, na huo unapimwa kwa kandela. Wajapani, ambao magari haya yanatoka kwao, wanalijua hilo vizuri. Kwenye ukaguzi wao wa gari, ule wanaouita shaken, hakuna anayeuliza lumeni. Kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1998 wanapima dim: lazima ifikishe kandela 6,400 mahali palipowekwa, na mstari wa mwisho wa mwanga uwe pale unapotakiwa. Balbu ya LED haikatazwi kwao, ila ikishindwa kipimo gari halitoki. Uingereza wamekuwa wakali zaidi, mwongozo wa ukaguzi wao wa gari, MOT, unasema gari ambalo taa yake ya halojeni imegeuzwa kuwa ya LED linafeli, isipokuwa magari ya zamani sana. Ujerumani walifunga mlango kwa miaka mingi, na mwaka 2020 walipoufungua, walimruhusu Osram auze balbu ya LED ya H7 kwa orodha maalumu tu ya magari, kila aina ikiwa imepimwa na balbu hiyo ikiwa ndani ya taa yake. Yaani balbu ile ile inaruhusiwa kwenye gari hili na kukataliwa kwenye lile, kwa sababu sahani za taa za magari hayo zimekunjwa tofauti. Halafu kwetu mtu anauziwa balbu inayodaiwa kufaa gari lolote.

Nimekwisha kusikia hoja ya kwanza ya upande wa pili, na ni hoja nzito, siidharau. Wanasema: barabara zetu hazina taa za njiani, watembea kwa miguu wamevaa nguo nyeusi, baiskeli hazina kiakisi, bodaboda nyingine haina taa ya nyuma, na ukipita Mikumi twiga au nyati anaweza kuvuka muda wowote. Nani atapita hapo na taa kama kibatari? Kweli tupu. Hakuna anayehitaji kuona mbali kuliko dereva wa huku. Ndiyo sababu hasa ya kukataa balbu inayomwaga mwanga ovyo. Yule mtembea kwa miguu mwenye nguo nyeusi yuko mita 60 mbele, pembeni kushoto, pale ambapo ule ukingo wa mshazari wa kikombe ulikuwa unapeleka mwanga. Ukiharibu mchoro wa taa, yeye ndiye wa kwanza kupotea gizani.

Na kuna mwingine anayemfuta huyo mtembea kwa miguu: gari linalokuja. Barabara zetu kuu nyingi ni za njia mbili za kupishana, hakuna ukuta wala bustani katikati. Ukipishana na mwenye LED iliyokosewa, kwa sekunde kadhaa huoni kitu, na akishapita jicho linachukua muda mwingine kurudi. Sekunde 3 tu kwenye kilomita 80 kwa saa ni mita 66 za kuendesha bila kuona. Kwa mtu mwenye umri mkubwa hali ni mbaya zaidi. Jicho la mtu wa miaka 60 linapokea kama theluthi moja tu ya mwanga unaolifikia la kijana wa miaka 20, na lenzi yake iliyoanza kuingia ukungu inatawanya mwanga ndani ya jicho, kwa hiyo taa moja kali inageuka pazia jeupe. Weupe wa hizi balbu, kelvini 6,000 na kuendelea, ambao watu wanausifu, unaumiza macho ya anayemulikwa kuliko ule unjano wa halojeni wa kelvini 3,200 kwa mwanga wa kiasi kile kile. Tangu mwaka 2023 Tanzania imeruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha. Basi moja lina watu zaidi ya 50. Anayefikiri suala la taa ni la mapambo ya gari binafsi akae afikirie hao.

Ukungu wa Njombe na vumbi la barabara za udongo vinaongeza tatizo. Mwanga wowote unaopanda juu ya mstari wake unagonga matone au vumbi na kurudi machoni pako mwenyewe. Mkato safi wa dim, yaani ule mstari wa mwisho wa mwanga, ndio unaokuwezesha kutazama chini ya ukungu, na mkato huo ndio kitu cha kwanza kinachokufa unapofunga balbu isiyolingana na taa.

Wenzetu wa Bujumbura na Bukavu wana mzigo wa ziada. Wao wanaendesha upande wa kulia, na magari mengi waliyonayo yametoka Japani, yaliyopangwa kwa watu wanaoendesha kushoto. Ule mwanga unaopanda kushoto kumtafuta mtembea kwa miguu, kwao unampata dereva anayekuja, uso kwa uso. Hata halojeni safi inawaumiza. LED iliyokosewa ndani ya taa hiyo ni balaa.

Hoja ya pili: magari mapya yote yanakuja na LED, mbona hayo hamyasemi? Kwa sababu hayo yalizaliwa na LED. Lexus LS 600h ilitoka na dim ya LED mwaka 2007, na taa yake nzima ilichorwa kwa ajili ya chipu zile: lenzi yake, mahali pa chipu, namna ya kupoza joto. LED haina kosa lolote. Kosa ni kuchukua chanzo kimoja cha mwanga na kukiweka kwenye sahani ya kingine, kisha kutarajia sahani ijirekebishe yenyewe.

Joto nalo lina hadithi yake. Watu wanadhani LED haipati moto kwa kuwa hawaungui wakishika kioo cha mbele. Moto wake uko nyuma, kwenye shina la chipu, na ndio unaoiua. Ndiyo maana balbu hizo zina feni au mapezi ya alumini nyuma. Mapezi hayo hayaingii kwenye nafasi ya taa, basi fundi anachukua kisu na kukata mfuniko wa mpira unaoziba nyuma. Gari likipita mvua mbili tatu na vumbi la njia ya Dodoma vijijini, ndani ya taa kuna ukungu na rifrekta imeanza kupauka. Feni ikisakamwa na vumbi, chipu inachemka, na balbu iliyokuwa inang'aa dukani inapungua nguvu baada ya dakika chache za kuwaka. Mnunuzi aliipima kwa sekunde 10 kaunta. Safari ya kwenda Mbeya ni ya usiku mzima.

Sasa, kama taa zako ni hafifu kweli, na magari mengi yaliyotumika yana taa hafifu, tatizo kwa kawaida haliko kwenye balbu. Angalia lenzi kwanza. Ni plastiki, na jua la huku limeila rangi yake ya kinga, ikawa njano na yenye mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga. Vijana wa kuosha magari wanaisugua kwa dawa ya meno, inang'aa wiki mbili halafu inarudi. Inatakiwa msasa laini wa maji, kuanzia ule mkali kidogo kwenda laini zaidi, kisha polishi, na mwisho rangi ya kinga ya kuzuia jua, bila hiyo kazi yote ni bure. Ukifunga LED nyuma ya lenzi chafu, unachofanya ni kuongeza mwanga unaotawanywa kwenye macho ya wengine.

Kisha mwambie fundi apime volti kwenye soketi ya taa injini ikiwa inanguruma. Betri itaonyesha 14 na zaidi kidogo. Kwenye soketi usishangae kukuta 12. Waya umechoka, ethi imeshika kutu, swichi imeungua kidogo. Hili ndilo watu hawalijui: umeme ukipungua kwa asilimia 10, mwanga wa halojeni unapungua kwa karibu asilimia 30. Ethi mpya na rilei iliyofungwa vizuri vinarudisha mwanga ambao gari lilitoka nao kiwandani. Wapo wanaokimbilia balbu ya wati 100 badala ya 55. Hao wanayeyusha soketi.

La mwisho ni mwelekeo. Kwenye dashibodi ya magari mengi kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Madereva wengi hawajawahi kukigusa. Kazi yake ni kuinamisha taa unapobeba mzigo nyuma, kwa sababu buti ikishuka pua inainuka, na taa ikiinuka nyuzi moja tu, kwa umbali wa mita 100 mwanga umepanda mita 1.75. Hapo ni machoni pa mtu.

Na bado unataka LED? Sikukatazi, nakutaka uinunue kwa kipimo. Acha boksi, fungua balbu. Iweke pembeni ya halojeni uliyoitoa: chipu ziwe na urefu wa filamenti na zikae umbali ule ule kutoka kwenye shingo ya balbu. Ubao uwe mwembamba kadiri inavyowezekana. Ya H4 iwe na kikombe chenye umbo la kile cha asili. Ikishafungwa, chipu zitazame kulia na kushoto. Zikitazama juu na chini mchoro wote umeharibika, na shingo nyingi zinaweza kuzungushwa kurekebisha hilo. Mfuniko wa mpira urudi mahali pake bila kukatwa.

Halafu nenda kwenye ukuta. Gari likae kwenye sakafu iliyonyooka, tairi zina upepo wake, mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, bandika utepe ukutani kwa urefu huo. Acha halojeni upande mmoja, funga LED upande wa pili, washa dim. Mstari wa mwisho wa mwanga unatakiwa ukae sentimita 10 chini ya utepe, umenyooka kulia na kupanda kushoto, na juu yake pawe giza. Utaona tofauti mwenyewe bila kuhitaji fundi wala mimi. Kama upande wa LED una madoa ya mwanga juu ya utepe, au mstari wenyewe haupo, hakuna kurekebisha kwa bisibisi kutakakoiponya. Rudisha dukani.

Kuna wanaojibu kwamba wao wanajihami tu: mabasi na malori yanawamulika, nao wanawamulika. Jibu hilo limetufikisha hapa tulipo, kila mwaka taa kali kuliko za jana, na hakuna hata mmoja anayeona zaidi. Madereva wawili waliopofushana kwenye daraja jembamba hawajajihami.

Stika za ukaguzi wa magari zinapotolewa wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, swali la kuuliza lisiishie kama taa inawaka. Kila kituo cha ukaguzi kina ukuta. Uchorwe mstari, iwekwe alama ya mita 10 sakafuni, na gari ambalo dim yake inapanda juu ya mstari lirudi kwa fundi kabla ya kupewa stika, liwe Vitz au basi la abiria.